Mali bila Daftari: Hesabu ya Mwaka ya Msomi wa Kabianga

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Aghalabu methali hii hutajwa na wafanyabiashara, lakini huenda wanaoihitaji zaidi ni watu wa chuo, ambao mali yao haishikiki kwa mkono. Kila mwaka unapofika ukingoni, wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili huketi kuhesabu waliyoyatenda. Mhadhiri hujaza fomu ya tathmini ya utendaji kazi: makala ngapi, makongamano mangapi, wanafunzi wangapi wamesimamiwa hadi wakahitimu. Mwanafunzi wa uzamili humwandikia msimamizi wake ripoti ya maendeleo. Maafisa wa chama cha wanafunzi husoma taarifa ya mwaka mbele ya wanachama. Nyumbani nako, katika likizo ya Disemba, mzazi huuliza swali lilo hilo kwa maneno machache: mwaka huu umefanya nini?

Swali hilo ni jema. Kasoro imo katika majibu, kwani mengi huorodhesha yale yaliyokabidhiwa na kunyamazia yale yaliyofika. Tasnifu iliyotiwa jalada gumu huhesabiwa kuwa imekamilika. Makala iliyosomwa kongamanoni kwa dakika kumi na tano huhesabiwa kuwa imekamilika. Tamasha la ushairi lililohudhuriwa na wanachama wale wale wa kila mwaka nalo hutiwa alama na kufungwa. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mradi wa kitaaluma, hasa katika fasihi na isimu ya Kiswahili, haustahili kuitwa uliokamilika hadi uwe umewarudia wale uliochumwa kwao, au umewafikia wale ulionuiwa wautumie. Fauka ya hayo, hesabu ya mwaka isiyotaja kilichosalia si hesabu, bali ni tangazo.

Daftari la Mkulima

Msomi wa Kabianga hana haja ya kusafiri mbali ili ajifunze namna bora ya kuhesabu. Chuo Kikuu cha Kabianga, kilichofanywa chuo kikuu kishiriki cha Moi mwaka 2009 na kupewa hati ya chuo kikuu kamili mwaka 2013, kimekaa katikati ya chai. Anayetoka darasani hukutana nayo njiani, na wanafunzi wengi wanaotoka Kericho na Bomet wamelipiwa karo kwayo.

Mkulima mdogo anayeuza majani yake kwa kiwanda kilicho chini ya KTDA, kiwe Momul, Litein, Kapkoros au Mogogosiek, hulipwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni kwa uzani. Majani mawili na chipukizi lake huchumwa, hubebwa hadi kituo cha kununulia majani, karani huyapima, kilo huandikwa na mkulima hupewa risiti. Mwezi ukiisha, hulipwa kiasi kilichowekwa kwa kila kilo. Hata hivyo, karani wa kituoni hajui, wala hawezi kujua, thamani ya chai yenyewe. Majani hayo bado yanasubiri kunyaushwa, kusagwa, kuachwa yageuke rangi, kukaushwa na kupangwa kwa madaraja. Na katika safari hiyo takriban kilo 4.5 za majani mabichi huwa kilo 1 tu ya chai kavu. Sehemu kubwa ya chai hiyo hupelekwa Mombasa kunadiwa, na huko ndiko mnunuzi asiyemjua mkulima huamua bei. Hesabu za mwaka hufungwa tarehe 30 Juni, gharama huondolewa, na kinachosalia humrudia mkulima kama malipo ya pili. Hayo ndiyo yaitwayo bonasi.

Mkulima hachanganyi malipo haya mawili. Anajua kwamba kilo zilizoandikwa kituoni ni ushahidi wa jasho lake, na kwamba bonasi ni ushahidi wa kile ambacho jasho hilo lilikuwa na thamani yake kwa mtu mwingine. Isitoshe, bonasi ikimpungukia hakai kimya. Mwaka 2025 wakulima wa Kericho na Bomet walipaza sauti kwamba bonasi waliyotangaziwa ilikuwa chini mno ikilinganishwa na ya wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa. Walikuwa wamechuma kama wenzao, wakapimiwa kama wenzao. Walitaka waelezwe tofauti imetoka wapi. Iwe walipata jibu la kuridhisha au la, swali lao lilikuwa la mtu anayejua kusoma daftari lake hadi ukurasa wa mwisho.

Msomi naye ana malipo mawili. Malipo ya kwanza ni alama, shahada, cheti cha kongamano, kupandishwa cheo. Hayo hutolewa kwa uzani: kurasa, sura, idadi ya machapisho. Malipo ya pili ni pale kazi yake inapomfaa mtu asiyekuwa msimamizi wala mtahini wake. Ajabu ni kwamba wasomi wengi huchukua malipo ya kwanza na kuondoka kituoni, wasirudi kuuliza habari za mnada.

Aliyeimba na Aliyehitimu

Ichukuliwe mfano wa mwanafunzi wa uzamili anayetafiti nyimbo na masimulizi ya wachuma chai. Mada hiyo ni nono. Tangu kampuni kubwa za chai zilipoanzisha mashamba Kericho katika miaka ya 1920, vibarua wamekuja kutoka pande nyingi: Wakipsigis wenyewe, Wagusii, Wajaluo, Waluhya na wengineo. Katika nyumba za kambi na kwenye mistari ya chai, Kiswahili ndicho kilichowaunganisha, kikachanganyika na lugha za nyumbani na kupata ladha yake ya pekee. Zipo nyimbo, mafumbo, majina ya utani ya wasimamizi na masimulizi ya kambini ambayo hayapatikani Mombasa wala Unguja.

Mada hiyo pia ina dharura. Tangu miaka ya 2000 mashine za kuchuma chai zimekuwa zikichukua nafasi ya mikono katika mashamba makubwa, na hasira iliyotokana na jambo hilo ilionekana wazi mwezi Mei 2023, waandamanaji walipoteketeza mashine hizo Kericho. Mjadala wa ajira una wasemaji wake. Wanaoweza kusemea lugha ni wachache zaidi. Pale ambapo watu ishirini walichuma pamoja wakiimbiana na kutaniana, wachache wakiendesha mashine yenye kelele hawawezi kuimba, na wakiimba hawasikilizani. Wimbo wa kazi hufa pamoja na ule mpangilio wa kazi uliouzaa. Ni dhahiri, basi, kwamba anayerekodi nyimbo hizo leo huenda akawa mtu wa mwisho kuzirekodi.

Mwanafunzi huyo huenda kambini na simu yake. Mama mmoja mzee, aliyechuma chai miaka mingi, humwimbia alasiri mbili nzima, humweleza maana ya maneno, hata humchekea anapokosea matamshi. Mwanafunzi hurudi chuoni, huandika, huhakiki kwa nadharia aliyoichagua, hutetea tasnifu yake mbele ya jopo, husahihisha, hutia jalada gumu, huvaa joho. Nakala moja huwekwa maktabani. Katika ripoti ya mwaka mradi huo huandikwa: umekamilika.

Yule mama hajasikia lolote. Hajui kwamba wimbo wake una sura nzima iliyouchambua, wala kwamba ametajwa kama “Mhojiwa wa 7”. Sauti yake imebaki katika simu, na simu huibwa, huanguka majini, hubadilishwa. Mtafiti mwingine akija miaka mitano baadaye, mama huyo, ikiwa yu hai, atakuwa na haki ya kumwambia kwamba asante ya punda ni mateke. Kibali cha utafiti cha NACOSTI humtaka mtafiti awasilishe ripoti yake kwa tume hiyo, na hilo ni jambo la busara. Lakini ripoti iliyofika Nairobi haijafika kambini.

Hapa ndipo penye dhara la hesabu mbovu. Mradi ulioandikwa “umekamilika” haufunguliwi tena. Laiti ungeandikwa “umekabidhiwa, haujarudishwa”, mtu angekumbuka kwamba kuna deni.

Waliohesabu kwa Haki

Katika historia ya Afrika Mashariki kuna mifano ya watu waliofanya hesabu bila kujipendelea. Mwaka 1977, miaka kumi baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitoa tathmini ya Azimio hilo. Angeweza kuorodhesha shule, zahanati na visima, akanyamaza. Aliyataja mafanikio, lakini alisema pia waziwazi kwamba Tanzania ilikuwa bado si nchi ya kijamaa wala ya kujitegemea, na akaeleza makosa yaliyofanyika. Mtu anaweza kupinga sera zake na bado akakiri kwamba namna ile ya kuhesabu ni nadra. Kiongozi aliyeanzisha mradi ndiye aliyesimama kusema haujakamilika.

Mfano wa pili una funzo la upande mwingine. Shaaban Robert alifariki mwezi Juni 1962. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote, riwaya ambazo leo hazikosekani katika orodha ya kozi ya fasihi, zilitoka mwaka 1968. Kama angetathminiwa kwa fomu za siku hizi katika miaka yake ya mwisho, miswada hiyo ingehesabiwa kuwa si kitu, kwa kuwa haikuwa imechapishwa. Maana yake ni kwamba kazi huweza kuwa kamili mikononi mwa mwandishi na ikawa bado haijakamilika duniani, na wa kuikamilisha wakawa watu wengine: mhariri, mchapishaji, mwalimu. Hesabu ya haki humheshimu aliyeandika gizani, na pia humkumbusha aliye hai kwamba mswada ulio sandukuni unamhitaji mtu wa kuutoa.

Karibu zaidi na nyumbani yupo Taaitta Toweett, mwanasiasa wa Kericho aliyewahi kuwa Waziri wa Elimu na ambaye pia alikuwa mwanaisimu. Mwaka 1979 alichapisha kitabu kuhusu historia simulizi ya Wakipsigis. Yaliyomo yanaweza kujadiliwa na kukosolewa, na kwa hakika yanapaswa kukosolewa. Lakini yanaweza kukosolewa kwa sababu yalitolewa. Tasnifu iliyofungiwa kabatini haikosolewi na mwenye habari, yaani yule mzee wa kijijini ambaye angesema, “Hapa mtoto amekosea, jina hilo si la mto, ni la ukoo.”

Yasiyo na Safu katika Fomu

Yapo pia mambo ambayo hesabu ya kawaida haina mahali pa kuyaandika. Migomo ya wahadhiri ya mwaka 2024 na 2025 ilisimamisha masomo katika vyuo vikuu vya umma kwa majuma mengi. Katika fomu, majuma hayo ni pengo. Katika maisha hayakuwa pengo. Wapo wanafunzi waliorudi nyumbani wakachuma chai ya wazazi, wakafundisha Kiswahili katika shule za jirani, wakamuuguza mgonjwa, wakasoma riwaya tano ambazo hazikuwa katika mtalaa. Yupo aliyetumia jioni zake kuandika wasia wa babu yake kwa Kiswahili kizuri, ili watoto wasije wakagombania mashamba. Kazi hiyo haina alama, ila ilimfikia aliyeihitaji siku ile ile.

Ikiwa kipimo cha ukamilifu ni kumfikia mhitaji, basi miradi ya namna hiyo imekamilika kuliko tasnifu nyingi. Ni jambo la kusikitisha kwamba mwanafunzi akiulizwa na mzazi amefanya nini mwaka mzima, huanza kwa kuomba radhi kuhusu sura ya tatu ambayo haijapitishwa, na kuyaacha hayo mengine kana kwamba yalifanywa na mtu mwingine.

Chama cha wanafunzi nacho kina yake. Maafisa wapya wanapoingia, aghalabu hawarithi chochote isipokuwa muhuri. Kumbukumbu za mikutano zimo katika simu ya katibu aliyehitimu. Mashairi yaliyotumwa kwa ajili ya toleo la jarida ambalo halikutoka yamepotea. Shule za upili zilizoahidiwa ziara ya kutoa nasaha kuhusu fasihi bado zinasubiri. Maafisa hao wapya huanza upya, huahidi upya, na mwisho wa mwaka husoma taarifa inayofanana na ya mwaka uliotangulia. Hakuna aliyeiba. Ni daftari tu ambalo halikuwapo.

Pingamizi na Majibu

Wapo watakaopinga. Watasema kwanza kwamba mwanafunzi hana fedha wala wakati, kwamba karo yenyewe ni mzigo na safari ya pili ya nyanjani haina wa kuigharimia. Pingamizi hili lina uzito. Hata hivyo, kurudisha si lazima kuwe hafla. Kurasa mbili za muhtasari kwa lugha nyepesi, zikasomwa mbele ya waliohojiwa Jumapili moja baada ya ibada, zinatosha kuanzia. Nakala ya sauti inaweza kutumwa kwa simu ya mjukuu wa aliyeimba. Gharama ya mambo hayo ni ndogo kuliko ile ya kutia tasnifu jalada gumu.

Watasema pili kwamba lugha ya tasnifu ni ya kitaaluma na haiwezi kueleweka kijijini. Hiyo ni kweli, na ndiyo sababu mwanafunzi wa Kiswahili yuko katika nafasi bora kuliko mwingine. Anayetafiti kwa Kiswahili anaandika tayari kwa lugha ambayo wahojiwa wengi wanaifahamu. Palipo na mzee anayeelewa Kikipsigis pekee, tafsiri ya muhtasari huo ni zoezi ambalo kozi yoyote ya tafsiri ingejivunia. Mtafiti asiyeweza kueleza matokeo yake kwa kurasa mbili zinazoeleweka na mchuma chai ana sababu ya kujiuliza kama yeye mwenyewe ameyaelewa.

Watasema tatu kwamba si kila utafiti una wahojiwa. Anayechunguza mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki Mombasa mwaka 1840, amrudishie nani? Jibu ni kwamba kazi hiyo nayo ina mnada wake. Mwalimu wa shule ya upili huko Bomet, anayefundisha ushairi kwa kitabu kimoja cha mwongozo, ndiye mnunuzi wake. Uchambuzi wa Muyaka umekamilika pale mwalimu huyo anapoweza kuutumia kumweleza mwanafunzi wake kwa nini ubeti fulani unachekesha na unauma kwa wakati mmoja.

Namna ya Kuanza

Kwa vile malalamiko bila pendekezo hayajengi, ni vyema chama cha Kiswahili kianzishe daftari la mwaka, na kila mwanachama aandike humo ukurasa mmoja tu wenye maswali manne. Ni kazi gani imekabidhiwa? Imemfikia nani asiyekuwa mtahini? Nani alichangia na bado hajarudishiwa? Ni kipi kimesalia, na nani atakishika iwapo mwenyewe anahitimu? Daftari hilo likabidhiwe maafisa wapya pamoja na muhuri, na taarifa ya mwaka isomwe kutoka humo.

Idara nazo zina wajibu. Msimamizi anaweza kumtaka mwanafunzi aambatishe muhtasari wa kurasa mbili kwenye tasnifu yake na aeleze ulisomwa wapi. Maktaba inaweza kuzipokea sauti zilizorekodiwa, kwa ridhaa ya waliorekodiwa, badala ya kupokea maandishi pekee. Wahadhiri nao, wanapojaza fomu zao za tathmini, wana nafasi ya kuandika chini ya idadi ya machapisho sentensi moja kuhusu aliyefaidika. Huenda hakuna mkuu atakayeisoma sentensi hiyo, lakini aliyeiandika atakuwa amejisomea mwenyewe.

Hakuna lolote katika haya linalomtaka mtu aonekane mkubwa kuliko alivyo. Kinyume chake, mwaka wa kwanza wa daftari la namna hiyo utawaaibisha wengi, maana safu ya “imemfikia nani” itakuwa tupu kurasa kwa kurasa. Hilo lisiwavunje moyo. Mkulima ambaye bonasi yake imekuwa duni haing’oi michai; huenda kiwandani kuuliza, kisha hurudi shambani kupogoa.

Likizo ya Disemba ikija, na mzazi akiuliza tena mwaka huu umefanya nini, mwanafunzi wa uzamili ataweza kujibu kwa utulivu kwamba sura tatu zimepitishwa, mbili zimesalia, na kwamba Jumamosi anakwenda kambini kumsikilizisha mama mmoja wimbo wake, kwa kuwa kazi hiyo bado haijakamilika.